Mtungi Chini ya Dirisha

Siku Bi-giok aliposhindwa kuichana karatasi ya kalenda ndiyo siku nyumba ya akina Go ilipoanza kumkosa, ingawa mwenyewe alikuwa bado chumbani kwake na alikuwa amebakiza siku tatu za kuishi. Ilikuwa Alhamisi. Kalenda ya ukutani, ile nene yenye karatasi moja kwa kila siku, iliendelea kusema Jumatano mpaka saa tano asubuhi, na hakukuwa na mtu wa kuiona. Mwanawe Ka-seng alikuwa hospitali. Mkwewe Yu-lien alikuwa amelazwa huko huko, ana mimba ya wiki thelathini na saba na homa ya dengue.

Kwa miezi minane Bi-giok hakuwahi kuikosa kalenda ile. Kila alfajiri aliichana karatasi ya jana, akavaa miwani, akasoma mstari mdogo wa chini unaosema roho ya mimba imekaa wapi leo. Roho hiyo huhama. Leo iko mlangoni, kesho kitandani, keshokutwa ghalani, na popote ilipo hapagongwi msumari, hapakatwi kwa mkasi wala hapasogezwi kitu, mimba isije ikatoka au mtoto akazaliwa na kasoro. Bi-giok hakuwa na imani ya kujaribu jaribu. Mimba ya kwanza ya Yu-lien ilitoka wiki ambayo Ka-seng alihamisha kabati, na daktari aliposema kabati halihusiki, Bi-giok alimjibu kwa adabu kwamba daktari hakuwepo.

Akishasoma alitangaza kwa sauti ya redio.

"Leo ni ghala na choo. Nje, upande wa kusini. Seng, umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Kwa sikio gani? Jana nimekukuta na nyundo."

Ka-seng alikuwa fundi pikipiki, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo. Manispaa ilipoamuru kila tairi kuukuu litobolewe lisishike maji ya mvua, yeye alikuwa nayo arobaini na moja. Mama yake hakutaka sauti ya drili isikike karibu na mwenye mimba. Basi Ka-seng aliyabeba matairi yote, machache machache, hadi uwanja wa hekalu, akayatobolea huko huku waliokuja kuchoma ubani wakimtazama.

"Fundi, umehamia kwa miungu?" akamwuliza mama Tsai, jirani wa mkono wa kushoto.

"Kwa miungu hakuna mjamzito, Shangazi."

Chombo kimoja tu hakikutobolewa wala kusogezwa. Ulikuwa mtungi wa udongo, rangi ya kahawia, kimo cha paja, ambamo marehemu mume wa Bi-giok alikuwa akivundika maharage ya mchuzi wa soya. Sasa ulikinga maji ya paa, nayo Bi-giok aliyatumia kumwagilia matembele. Ulikaa nyuma ya nyumba, chini kabisa ya dirisha la chumba cha Yu-lien. Ulikuwa na kifuniko cha mbao kilichomeguka upande mmoja, upana wa vidole viwili.

"Mama, tuumwage ule mtungi," Yu-lien alisema mwezi wa saba. "Kila siku redio inasema maji yaliyosimama."

"Uko ubavuni mwa kitanda chako, ukuta tu ndio unawatenganisha. Ukitikiswa, na mtoto anatikiswa. Akishazaliwa tutaumwaga, ukitaka hata tuuvunje. Una kifuniko."

"Kifuniko kimemeguka."

"Mbu gani atajikunja apite hapo?"

Yu-lien alicheka. Alikuwa karani wa posta, mwanamke wa maneno machache asiyependa kubishania jambo asiloweza kushinda kabla ya chakula kuiva. Isitoshe, hakuiogopa sana dengue. Alizaliwa mji wa Kaohsiung, na alipokuwa na miaka ishirini aliugua katika mlipuko wa kule, akalala siku sita, akapona. Aliamini kwamba ugonjwa uliokwisha kumpata hauna kazi naye tena.

*

Wakaguzi wa mbu wa manispaa walikuja Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa nane, wawili, wamevaa fulana za manjano na kubeba tochi na bomba la kunyonyea maji. Kiongozi wao alikuwa msichana anayeitwa Hung. Bi-giok aliwapokea vizuri. Aliwaonyesha sahani za maua, ndoo, chombo cha maji chini ya friji, matairi yenye matundu. Walipoelekea nyuma ya nyumba aliwatangulia, na kabla hawajafika alikwisha kukaa juu ya mtungi, kikapu cha maharage mabichi mapajani, anamenya.

"Bibi, hicho ulichokalia ni nini?"

"Kiti."

"Kina maji ndani?"

"Mwanangu, mimi nina miaka sabini na mmoja. Miguu imevimba. Ukitaka ninyanyuke, nipe mkono, halafu ukae hapa unimenyee maharage yangu."

Mwenzake Hung aliangua kicheko. Bi-giok aliita ndani, Yu-lien akatoka na chai ya barafu, tumbo likimtangulia. Hung alipoliona tumbo aliinamisha kichwa kidogo, kama tufanyavyo, akaandika kwenye fomu, akaondoka. Bi-giok hakunyanyuka mpaka aliposikia wamegonga kwa mama Tsai. Siku ile karatasi ilisema mlango na kitanda, na kitanda kilikuwa upande wa pili wa ukuta alioegemea. Alikaa pale muda mrefu, mbu wenye miguu ya mistari myeupe wakimzunguka vifundoni, akiwafukuza kwa maganda ya maharage. Alijisikia amefanya kazi nzuri.

Yu-lien alibaki naye kupiga soga, miguu yake iko wazi, amevaa kandambili.

*

Homa ilianza Alhamisi iliyofuata. Kichwa kilimuuma nyuma ya macho, viungo vikawa kama vimepigwa. Mwenyewe alisema ni mafua.

"Dengue nilishaugua," alimwambia mumewe. "Mwili unaijua."

"Basi mwili uiambie itoke," Ka-seng alijibu, akasubiri siku moja zaidi. Jumamosi alimpeleka hospitali. Walimwekea dripu, wakatundika chandarua juu ya kitanda chake, ili mbu wa wodini asinywe damu yake akapeleka kwa wengine. Akalala ndani kama samaki kwenye wavu, na alipomwambia Ka-seng hivyo, Ka-seng hakucheka.

Jumapili Daktari Chuang alikuja na majibu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, anayeongea kama mtu aliyekwisha kuona jambo hilo mara nyingi na hakulikimbia hata mara moja. Bi-giok alikuwepo, na uji wa samaki kwenye mkebe.

"Ni dengue, na ni ya pili," daktari alisema. "Ya pili ndiyo ninayoichunga zaidi."

"Lakini nilishaipata," Yu-lien alisema.

"Ulipata ndugu yake. Wako wanne, wanafanana sura. Ulipougua ujanani, mwili ulitengeneza kingamwili, yaani mabawabu wa kumzuia yule wa kwanza, na mabawabu hao wamo kwenye damu yako mpaka leo. Sasa amekuja ndugu. Bawabu anamdhania ni yule yule, anamkumbatia amwangushe. Hana nguvu za kumwangusha huyu. Na huku amemkumbatia, anaingia naye ndani."

"Bawabu mjinga," Bi-giok alisema.

"Siyo mjinga, Mama. Ni mwaminifu kwa kazi ya zamani." Daktari aligeukia dripu. "Na mwili wa mjamzito umekwisha kupunguza ukali wake kwa miezi mingi, ili usimfukuze mtoto. Kwa hiyo tunakwenda polepole. Chembe za kugandisha damu zilikuwa laki moja na elfu kumi na nane jana. Leo ni elfu sabini na sita. Zitashuka tena. Akijifungua zikiwa chini kabisa, atavuja damu, na tutakuwa na kazi kubwa."

"Na mtoto?" Bi-giok aliuliza.

"Mtoto mwache huko huko. Akizaliwa leo, anatoka na virusi bila silaha. Mama yake anaanza kutengeneza mabawabu wapya, wa huyu ndugu hasa, na wanapita kwenye kondo kumfikia. Nipe siku nne. Mpaka Alhamisi asianze uchungu. Baada ya hapo nitaongea na ninyi nikiwa natabasamu."

"Siku nne," Bi-giok alisema.

"Nne."

Bi-giok alifunika mkebe wa uji. Kwenye korido alimwambia mwanawe: "Usibanduke hapa. Usije nyumbani hata kubadilisha shati, nitakuletea. Asinyanyue kitu, asigombezwe, asiambiwe habari mbaya. Hata nikifa usimwambie mpaka Alhamisi."

"Mama, acha maneno hayo."

"Natania. Utakula nini?"

*

Jumatatu asubuhi Hung alirudi, safari hii na watu sita na mashine za kupulizia dawa, kwa sababu hospitali ilikwisha kutoa taarifa ya mgonjwa. Bi-giok aliwafungulia. Alikuwa ameamka na baridi mifupani na macho yanamuuma kuyazungusha, akanywa maji ya barafu glasi mbili na kujifuta uso kwa taulo iliyolowa.

"Bibi, una homa?"

"Sina."

"Naomba tuone nyuma."

Hakukuwa na maharage ya kumenya. Bi-giok alisimama mbele ya mtungi, mikono nyuma.

"Bibi, safari ile ulikalia jambo nisilione," Hung alisema taratibu. "Sikuandika, kwa sababu na mimi bibi yangu alitulea kwa kalenda ile ile. Leo roho iko wapi?"

"Jiko na kinu."

"Basi si hapa."

"Nje ni kusini magharibi. Hapa ndipo kusini magharibi."

Wenzake walikuwa wamezima mashine, wanasikiliza. Mama Tsai naye alikuwa juu ya ngazi, upande wa pili wa ukuta, amejifanya anaanika soksi.

"Bibi," Hung alisema, "roho inakaa na nyumba au inakaa na mimba?"

Bi-giok alimtazama. Hilo hakuna aliyewahi kumwuliza, na kwa miaka sabini na mmoja hakujiuliza mwenyewe.

"Mimba iko ghorofa ya saba hospitali," Hung aliendelea. "Imeondoka Jumamosi. Ikiwa roho imebaki hapa, imemwacha mtoto peke yake. Ikiwa imemfuata, hapa pana maji tu."

Kijana mmoja wa mashine alisogea kuuinua mtungi. Bi-giok alimzuia kwa mkono. Alikiondoa kifuniko mwenyewe, akauegemeza mtungi, akausukuma kwa goti mpaka ukalala. Maji yalimwagika juu ya saruji na kupita miguuni pake. Yalikuwa yamejaa viluwiluwi, mamia, vinajipinda na kujinyoosha. Mama Tsai alisema "Aiyo." Hung aliandika onyo, na kwa kuwa waliokuwepo ni wengi, akaandika na faini. Alimwomba Bi-giok atie sahihi. Bi-giok alitia, herufi kubwa kubwa, za mtu aliyeishia darasa la nne.

Walipoondoka aliuinua mtungi ule mzito, akaugeuza mdomo chini, pale pale ulipokuwa. Halafu akaingia ndani, akanywa dawa ya unga ya maumivu, ile inayouzwa kwa pakiti kwenye duka la dawa la kona, akalala.

Alipokuwa amelala hivyo alipiga hesabu. Akisema anaumwa, Ka-seng atatoka ghorofa ya saba. Ka-seng akitoka, Yu-lien atauliza. Yu-lien akijua, tumbo litakaza. Daktari aliomba siku nne, na hii ilikuwa ya kwanza. Zilibaki tatu. Hakuona hesabu nyingine. Uji wa hospitali alimwomba mama Tsai apeleke, akisema goti linamsumbua.

*

Wodini, kila asubuhi ilianza kwa simu. Lilikuwa wazo la Yu-lien mwenyewe, ambaye miezi minane alikuwa akicheka. Saa moja na nusu alimpigia mama mkwe.

"Mama, leo iko wapi?"

"Umeanza kuamini?"

"Sina kazi nyingine. Humu ndani ya wavu hakuna gazeti."

Jumatatu alisomewa jiko na kinu. Jumanne, mlango na kitanda. Jumanne hiyo homa ilishuka, Ka-seng akafurahi, na Daktari Chuang akamwambia asifurahi bado, kwa maana homa ikishuka ndipo mishipa ya damu huanza kuvuja. Chembe zilikuwa elfu ishirini na saba. Fizi zilitoa damu akipiga mswaki, kwa hiyo akakatazwa kupiga mswaki. Alama nyekundu zilimtoka miguuni kama vumbi la matofali.

Jumatano, ghala na choo, alisema Bi-giok, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimeamka sasa hivi," alieleza. Chembe elfu kumi na tisa. Saa tisa mchana tumbo la Yu-lien lilikaza. Likaachia. Likakaza tena baada ya dakika nane. Nesi alipiga simu, Daktari Chuang akaja mbio, akaagiza damu ikae tayari, akavuta kiti.

"Huondoki?" Yu-lien aliuliza.

"Nakaa. Napenda kiti hiki."

Lilikaza kwa saa tatu. Yu-lien alilala ubavu wa kushoto, mkono juu ya tumbo, akazungumza na mtoto kama anavyozungumza na wateja wa posta wanaotaka kuruka foleni. "Subiri. Kuna watu mbele yako. Namba yako haijaitwa." Ka-seng alisimama nyuma ya kiti cha daktari, mikono yake yenye grisi isiyotoka kwenye kucha ikiwa imefumbatwa. Ilipofika saa kumi na mbili jioni, nafasi kati ya kukaza na kukaza ikawa dakika kumi na tano, kisha thelathini, kisha tumbo likatulia.

"Anasikia maneno," daktari alisema. "Atakuwa mtu wa serikali."

Alhamisi chembe zilikuwa elfu ishirini na nne. Zilipanda. Zilipanda kidogo tu, lakini Daktari Chuang alitabasamu kama alivyoahidi, na Yu-lien akampigia mama mkwe kumwambia. Simu iliita sana kabla ya kupokewa.

"Mama, zimepanda. Siku nne zimeisha."

"Nimesikia," Bi-giok alisema. Kulikuwa na pumzi nyingi kwenye simu. "Vizuri."

"Leo iko wapi?"

"Ghala na choo."

"Hiyo ni ya jana, Mama."

"Imekaa. Imechoka kuhamahama."

Yu-lien alishusha simu, akamtazama mumewe kupitia chandarua.

"Nenda nyumbani."

"Mama amesema nisi..."

"Mama hajachana kalenda. Nenda sasa hivi."

*

Ka-seng alimkuta mama yake kitandani, shuka limelowa, pakiti saba tupu za dawa ya unga juu ya stuli. Aligombezwa kwa kumwacha mkewe. Alimbeba mgongoni mpaka kwenye gari dogo la mama Tsai la kubebea mboga, na njiani Bi-giok alilalamika kwamba kapigwa na majani ya kabeji usoni.

Alilazwa ghorofa ya tano, ambayo ukihesabu kwa vidole ni ya nne, lakini hospitali zetu hazina ghorofa ya nne, kwa kuwa kwetu nne hutamkwa kama kifo. Daktari wa zamu aliziona zile pakiti, akauliza alikunywa ngapi, akafumba macho kidogo. Dawa ile huifanya damu iwe nyepesi, na damu ya Bi-giok ilikuwa tayari inavujia tumboni. Naye aliwahi kuugua dengue, miaka mingi nyuma, bila kuijua jina. Walipima, wakamkuta na mabawabu wa zamani wengi. Waliingia na mgeni kwa uaminifu wote, kwenye mwili wa miaka sabini na mmoja wenye shinikizo la damu.

Siku mbili Ka-seng alipanda na kushuka ngazi. Bi-giok alikuwa na akili timamu muda mwingi, na alitoa maagizo.

"Kuku wa mwezi wa uzazi, wa kumlisha mkeo akishajifungua. Tangawizi kuukuu, usiimenye, ioshe tu. Mafuta ya ufuta meusi, moto mdogo mpaka tangawizi ijikunje pembeni. Ukiunguza, inakuwa chungu, atakula kwa kukuonea huruma. Asioshe nywele mwezi mzima."

"Daktari anasema anaweza kuosha."

"Daktari hakuwepo," Bi-giok alisema. "Umwambie mkeo, ni mimi niliyeukalia mtungi."

"Anajua, Mama. Alikuwepo. Na ya viluwiluwi mama Tsai amekwisha kuwaambia watu mpaka sokoni."

"Amesema nini?"

"Mama Tsai?"

"Mkeo, wewe."

Ka-seng alipanda ghorofa ya saba, akauliza, akashuka na jibu. "Amesema ana hasira na wewe, lakini sasa hivi hana nafasi. Atakugombeza ukitoka hospitali."

Bi-giok alilifikiria jambo hilo kwa muda. Alionekana kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa akikihitaji.

"Basi itabidi nitoke," alisema.

Jumamosi saa nane mchana, chembe zikiwa elfu sabini na moja, namba ya mtoto iliitwa. Hazikutumika hata chupa mbili za damu. Alikuwa msichana, kilo mbili na gramu mia tisa, na damu ya kitovu chake haikuwa na virusi. Ka-seng alishuka na simu, akaiweka sikioni mwa mama yake. Mtoto alilia kwa muda mrefu, bila kupumzika.

"Mapafu mazuri," Bi-giok alisema. Ndilo neno lake la mwisho lililoeleweka. Alifariki Jumapili, saa mbili asubuhi.

*

Mzazi aliye ndani ya mwezi wake wa uzazi haendi mazikoni, na Yu-lien hakwenda. Siku ya mazishi alikaa kitandani nyumbani, dirisha wazi, akasikia tarumbeta zikiondoka mlangoni na kuishia kona ya hekalu. Hasira aliyoiahidi alibaki nayo, haina wa kupewa. Jioni Ka-seng alipika kuku. Tangawizi iliungua.

"Kula," alisema, "halafu unionee huruma."

Alikula yote.

Mwezi ulipotimia hawakupaka mayai rangi nyekundu kama ilivyo desturi, kwa kuwa nyumba ilikuwa na msiba. Waliyachemsha, wakayagawa kwa majirani meupe hivyo hivyo. Ka-seng alikwenda manispaa na karatasi ya faini. Karani aliona jina, akaangalia kompyuta, akasema aliyekufa hatozwi, achukue karatasi yake aende.

"Alikuwa hai alipoukalia," Ka-seng alisema, akaweka dola za kwetu elfu tatu juu ya meza. Watu wa foleni walimtazama. Karani hakuwa na fomu ya jambo hilo, akamrudishia pesa.

Daktari Chuang alimpima mtoto, ambaye wazazi wake walimpa jina la Chi-an. Alisema ana mabawabu wa mama yake, wengi kuliko alivyotarajia, wa zamani na wapya. Zile siku nne zilifanya kazi.

"Kwa hiyo amekingwa," Yu-lien alisema.

"Kwa sasa. Mabawabu wa kuazima wanaondoka mmoja mmoja. Wakiwa wengi wanamlinda. Akifika miezi sita hivi watabaki wachache, na wachache ndio wanaomkumbatia mgeni na kuingia naye. Mpaka atimize mwaka, sitaki mbu amguse. Akishatimiza, wamekwisha wote, atakuwa mtoto kama wengine."

"Nimeelewa," Yu-lien alisema. Safari hii hakucheka.

Chi-an sasa ana miezi minane na mvua zimeanza. Analala ndani ya chandarua, mchana na usiku. Kila Jumatatu Ka-seng anazunguka nyumba na kugeuza kila chombo, na vasi za maua mbele ya picha ya mama yake amezijaza mchanga. Kila alfajiri Yu-lien anaichana kalenda na kuusoma mstari mdogo wa chini, kimoyomoyo. Mtungi uko chini ya dirisha, mdomo chini. Nyumbani hakuna mwenye mimba, unaweza kusogezwa siku yoyote. Haujasogezwa.